Sura ya 5: Sarafu za Kwenye Sidiria

Mama mdogo aliuza vitumbua Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 20. Alfajiri aliwasha jiko la mkaa, na ikifika saa moja wanafunzi na wapiga debe walikuwa wameshamzunguka. Mkono wa kulia uligeuza vitumbua, wa kushoto ulipokea hela. Noti alizisukuma chini ya kopo la unga. Sarafu zilikwenda kifuani, ndani ya sidiria, upande wa kushoto, na kila akiinama kupuliza moto ulizisikia zikigongana.

Siku alipogusa kitu kigumu kama punje ya choroko akiwa anaoga, upande uleule wa kushoto, mumewe hakuambiwa. Waliambiwa majirani wawili, na hukumu ikatoka palepale: ni zile sarafu. Chuma kikae na nyama miaka yote hiyo, kitaachaje kudhuru? Mama mdogo akashona kimfuko cha kitenge, akakifunga kiunoni, sarafu zikahamia huko. Akasubiri uvimbe uyeyuke. Alisubiri miezi minane.

Tangu hapo nimekuwa nikikusanya sababu za saratani ya matiti kama zinavyosimuliwa sokoni, saluni na kwenye mabenchi ya kliniki: sarafu, simu iliyofichwa kifuani, sidiria yenye waya, sidiria nyeusi, kulala na sidiria, marashi ya kwapani, titi kugongwa na kiwiko ndani ya daladala, mtoto kung'ata chuchu. Hakuna hata moja iliyothibitika. Kugongwa kuna hila yake: maumivu humfanya mwanamke aguse mahali ambapo hakuwa amepagusa mwaka mzima, akakuta kitu kilichokuwapo siku nyingi, kisha akakipa kiwiko lawama. Ubaya wa sababu hizi ni kwamba kila moja huja na tiba yake mkononi. Aliyeamini ni sarafu, kinga yake ni kuhamisha sarafu, na akishazihamisha hana tena la kufanya.

Sasa tuseme yanayojulikana. Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na wapatao 670,000 walikufa kwayo. Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Tanzania ni ya pili, nyuma ya ile ya mlango wa kizazi. Wanaume nao huipata, ila katika kila wagonjwa 100 mwanamume hazidi mmoja. Vihatarishi viwili vikubwa kuliko vyote ni vile ambavyo hakuna anayeweza kuvikwepa: kuwa mwanamke, na kuongezeka umri. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wagonjwa hawana kihatarishi kingine chochote zaidi ya hivyo viwili.

Naomba msomaji atulie hapo kidogo kabla hatujaendelea. Nusu. Mgonjwa anapolala kitandani na wageni wakaja na machungwa yao, mmoja hukosi kumsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Kwani alikuwa anafanya nini?" Mara nyingi jibu ni kwamba hakufanya kitu. Yote nitakayoyasema katika sura hii kuhusu kupunguza hatari yasomwe kama tunavyosoma habari za chandarua. Anayelala ndani ya chandarua huugua malaria mara chache zaidi, lakini huweza kuugua, na akiugua hatumsimangi.

*

Mwaka 1713 daktari mmoja Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliyekuwa akichunguza maradhi yanayoambatana na kazi mbalimbali za watu, aliandika jambo lililomshangaza: watawa wa kike walipata saratani ya matiti zaidi kuliko wanawake wengine. Hakuna mji wa Italia, kwa maelezo yake, usiokuwa na nyumba za watawa zenye ugonjwa huo. Hakujua homoni ni nini. Neno lenyewe lilikuwa bado karibu miaka 200 kuzaliwa. Alichokiona ni kwamba hawa hawakuzaa wala hawakunyonyesha.

Ikapita miaka mingi. Mwaka 1926 daktari wa Kiingereza, Janet Lane-Claypon, akafanya jambo lililokuwa jipya wakati ule. Aliwachukua wanawake 500 wenye saratani ya matiti na wengine 500 wasiokuwa nayo, akawauliza maswali yaleyale: uliolewa lini, ulizaa wangapi, uliwanyonyesha? Waliougua walikuwa wameolewa wakiwa wakubwa zaidi, wana watoto wachache zaidi, na wamenyonyesha kidogo zaidi. Kisha mwaka 2002 watafiti wakakusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wanawake 50,302 waliougua na karibu 97,000 ambao hawakuugua. Hesabu ikatoka hivi: kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi peke yake hupunguza kwa asilimia 7.

Kwa nini? Titi ni kiungo ambacho mtoto wa kike huzaliwa nacho kikiwa hakijakamilika. Baleghe hukianzisha, na mimba na kunyonyesha ndivyo hukipevusha. Katikati ya hapo, kila mwezi homoni ya estrojeni huziita seli za titi zijigawe, zijiandae kwa mimba ambayo mara nyingi haiji. Kila seli ikijigawa hunakili maelekezo yake yote. Mfikirie fundi cherehani anayekata gauni kwa kupimia gauni alilolikata jana, na kesho akapimia la leo, bila kurudi kwenye kielelezo cha kwanza. Baada ya magauni mia chache, bega moja litakuwa limepanda. Seli ina wakaguzi wake wanaosahihisha makosa, lakini kadiri kunakili kunavyokuwa kwingi ndivyo kosa moja linavyopata mwanya wa kupita. Ndiyo sababu aliyevunja ungo mapema na aliyechelewa kukoma hedhi wana hatari kubwa kidogo: wamepitia miezi mingi zaidi ya mwito huo. Mimba na kunyonyesha huusimamisha mwito, na seli zilizokwishatoa maziwa hukomaa, hazina tena pupa ya kujigawa.

Pwani yetu ina utajiri hapa ambao haujahesabiwa. Waislamu hulenga miaka miwili kamili ya kunyonyesha kama Kurani ilivyoelekeza, na bibi zetu wa dini zote waliona aibu kumwachisha mtoto kabla hajakimbia. Mama wa watoto watatu aliyemnyonyesha kila mmoja miaka miwili amenyonyesha miaka sita, na kwa hesabu ile, hatari yake imepungua kwa zaidi ya moja ya tano, kwa kunyonyesha tu, hata kabla hatujaugusa uzazi wenyewe.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wanawake wameumizwa vya kutosha. Hakuna anayezaa ili akwepe saratani, na asiyejaliwa mtoto asibebeshwe na hili. Halafu kuna jambo ambalo kliniki za uzazi hazilisemi mara nyingi: miaka michache baada ya kujifungua, hatari hupanda kidogo kabla haijashuka, na kilele chake huwa karibu na mwaka wa tano. Kwa hiyo mama anayenyonyesha akikuta uvimbe usioondoka wiki mbili tatu, hata baada ya titi kukamuliwa vizuri, asikubali kuambiwa ni maziwa yameganda bila kupimwa.

Na tukizungumza kunyonyesha, tuzungumze saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Nimewauliza wanawake wengi wa maofisini kuhusu hizo saa mbili. Wengi hawakuwahi kuzisikia. Mmoja, mhudumu wa mapokezi, alinieleza jinsi alivyokuwa akikamulia maziwa chooni, amesimama, mguu umezuia mlango usiokuwa na kitasa, na anayamwaga kwa sababu hapakuwa na jokofu. Mwezi wa tano akaacha. Tukimwambia mwanamke huyu apunguze hatari yake ya saratani, tutakuwa tunazungumza na mtu asiye sahihi. Mtu wa kuzungumza naye ni bosi wake. Dada wa kazi wa nyumbani ana hali ngumu zaidi, na hapo bosi ni mimi na wewe.

*

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka zaidi.

Pombe husababisha saratani ya matiti. Wengi hudhani madhara yake ni kwenye ini tu. Kila gramu 10 za kilevi kwa siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 7, na chupa moja ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20. Hakuna tofauti kati ya bia, mvinyo, mnazi na gongo. Kilichomo ni kilekile. Sisemi kila anayekunywa ataugua. Nasema hiki ni kihatarishi kimojawapo kati ya vichache ambavyo uamuzi wake uko mezani, mbele ya mtu.

Uzito una siri yake. Kabla ya kukoma hedhi, kiwanda cha estrojeni ni mifuko ya mayai. Baada ya hapo mifuko hiyo hupumzika, na mafuta ya mwilini huendelea kuitengeneza homoni ileile. Mwanamke wa miaka 60 mwenye mafuta mengi anabeba kiwanda ambacho umri ulitakiwa uwe umekifunga. Kwetu hili ni gumu kulisema, maana mwanamke aliyenenepa baada ya ndoa huambiwa ametunzwa, na aliyekonda huulizwa ana nini. Shughuli za mwili husaidia hata uzito usipopungua sana: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, yaani nusu saa kwa siku tano. Mama anayeteka maji kisimani na kulima ameshazimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Wa mjini, anayetoka kitandani hadi kwenye bajaji na kwenye kiti cha ofisi, ndiye anayehitaji kuzitafuta.

Vidonge vya uzazi wa mpango huulizwa kila ninapokwenda kuzungumza na kina mama. Vinaongeza hatari kidogo wakati mtu anavitumia, na nyongeza hiyo hufifia akiacha, hadi ndani ya miaka 10 inakuwa imetoweka. Kwa upande mwingine hupunguza saratani ya mifuko ya mayai na ya mji wa mimba. Msichana wa miaka 20 ana hatari ndogo mno ya saratani ya matiti, na nyongeza ndogo juu ya kitu kidogo hubaki kidogo. Mimba asiyoitaka ina hatari zake, na hizo si ndogo. Homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi ni suala jingine. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani wenye wanawake 16,608 ulisitishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana kwamba waliomeza estrojeni pamoja na projestini walikuwa wakiugua zaidi. Mamilioni waliacha, na mwaka uliofuata idadi ya wagonjwa wapya nchini humo ilishuka. Anayeandikiwa dawa hizo aulize ni za aina gani na ni za muda gani.

Urithi unatisha watu kuliko unavyostahili. Saratani zinazotokana na jeni iliyorithiwa ni kati ya 5 na 10 katika kila 100. Mwaka 1990 Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha mahali ilipo jeni ambayo baadaye iliitwa BRCA1, baada ya miaka mingi ambayo wenzake walidhani anapoteza wakati. Mwanamke anayeirithi ikiwa na kasoro ana uwezekano unaozidi nusu wa kuugua maishani, na kinga zake ni za kitabibu: uchunguzi wa mapema, dawa kama tamoksifeni, au upasuaji. Kwetu kipimo cha jeni hiyo hakipatikani kirahisi, lakini kumbukumbu ya ukoo ni ya bure. Ikiwa mama, dada au shangazi aliugua kabla ya miaka 50, au matiti yote mawili, au ikiwa mwanamume wa ukoo aliugua, au kuna saratani ya mifuko ya mayai, mwambie daktari bila kusubiri akuulize. Na ukoo wa baba uhesabiwe pia. Watu husahau kwamba jeni hii hupita hata kwa wanaume.

*

Mpaka hapa nimezungumzia hatari ya kuupata ugonjwa. Kuna hatari nyingine, ya kufa nao, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikaandika kitabu hiki.

Katika nchi tajiri sana, mwanamke 1 kati ya 12 hugunduliwa na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 hufa kwayo. Katika nchi maskini, hugunduliwa 1 kati ya 27, na hufa 1 kati ya 48. Zipige hesabu hizo. Kule, kati ya wagonjwa sita hufa mmoja. Huku hufa zaidi ya nusu. Sisi tunaugua kidogo na tunakufa sana. Utafiti uliofuatilia wanawake wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu nusu tu walikuwa hai, na watafiti wakakadiria kwamba karibu theluthi ya vifo vingezuilika iwapo wagonjwa wangefika mapema na kutibiwa ipasavyo. Hakuna mazoezi wala mlo unaoweza kupunguza vifo kwa kiasi hicho.

Wengi husema basi tununue mashine za mamografia. Zinasaidia, lakini ni chache, na uvimbe unaotuua sisi haufichiki mpaka mashine iutafute. Unashikika kwa mkono. Huko Shanghai, China, wafanyakazi 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa, nusu wakafundishwa kujipima matiti kila mwezi kwa utaratibu maalumu. Baada ya miaka zaidi ya 10 vifo vilikuwa sawasawa pande zote mbili. Mumbai, India, walifanya tofauti: wahudumu wa afya wanawake waliofunzwa waliwapima wengine kwa mikono kila baada ya miaka miwili. Walihusishwa zaidi ya wanawake 150,000, wakafuatiliwa kwa miaka 20, na kwa wale wa miaka 50 kwenda juu vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Ninavyoielewa tofauti hiyo, ni kwamba kujigusa peke yake bafuni hakumwokoi mtu ikiwa baada ya kugusa hana pa kwenda. Mkono wa mhudumu una mlango nyuma yake.

Hii haimaanishi usiyajue matiti yako. Yajue kama unavyoujua uso wako, ili yakibadilika ushtuke: uvimbe hapo au kwapani, chuchu iliyoingia ndani wakati zamani haikuwa hivyo, ngozi iliyovutwa au kuwa kama ganda la chungwa, damu kwenye chuchu, kidonda kisichopona. Maumivu usiyafanye kipimo. Uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi, na watu hukaa nao kwa sababu hiyohiyo.

Mama mdogo hakuumwa. Mwezi wa tatu alikwenda zahanati, akapewa antibiotiki. Mwezi wa tano akarudi, akapewa nyingine, akaambiwa huenda ni maziwa yaliyoganda. Alikuwa na miaka 51. Kitinda mimba wake alikuwa na miaka 17. Jirani naye akamwonya asikubali kuchukuliwa kinyama, maana kisu kikigusa saratani inasambaa. Si kweli. Sindano ya kuchukulia kinyama haiisambazi saratani. Hueleza tu ni ya aina gani, na bila hilo hakuna daktari anayeweza kuchagua dawa. Watu huona mgonjwa amefanyiwa kipimo kisha amekufa, wakaunganisha, bila kuhesabu miezi aliyokaa nyumbani kabla ya kipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la siku 60, kuanzia mgonjwa anapofika mara ya kwanza hadi kupata jibu.

Aliyemwokoa, kwa kadiri alivyookoka, ni bibi somo wake, kikongwe wa zaidi ya miaka 70 aliyekuja kumwazima mwiko. Alimwona jinsi anavyoinua mkono.

"Nivulie," akasema.

"Bibi, si kitu."

"Haya ya nini mbele yangu? Si mimi niliyekucheza? Mficha uchi hazai. Nivulie nione."

Alitazama dakika moja, akafunga kanga yake, akaenda mwenyewe kwa mume wa mama mdogo kumwambia kwamba kesho mkewe anapanda basi la Dar es Salaam. Hakuna mwanamume anayembishia somo wa mkewe. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Mwambao wote una wanawake wazee ambao mila imewapa ruhusa ya kuuona mwili wa mwanamke mwingine na kuuzungumza bila haya, na wanasikilizwa kuliko bango lolote. Wakifunzwa dalili zile tano, watafika vyumbani ambako hata muuguzi hafiki.

Mama mdogo alipasuliwa, akatibiwa katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, katika lile jengo la Wajerumani la mwaka 1897 linalotazama bahari. Nilikaa naye kwenye viti vya mbao siku za dawa. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "mimi nilihamisha sarafu." Hakuongeza neno. Aliishi miaka minne.

Mwaka jana binti yake, ambaye kwangu ni dada, alinipigia simu saa tatu usiku. Ana miaka 41, ananyonyesha mtoto wa tatu, amegusa kitu. Kesho yake tulikuwa hospitali; siku hiyohiyo akapigwa altrasaundi, akachomwa sindano, na baada ya siku tisa tukafuata majibu. Ulikuwa uvimbe wa kawaida, usio na madhara, kama ulivyo uvimbe mwingi wa matiti. Daktari alimpa tarehe ya kurudi kutazamwa.

Kwenye daladala hatukuzungumza. Konda alipotufikia akitikisa chenji kiganjani, nikaanza kupekua mkoba, lakini dada alikuwa ameshaingiza vidole kifuani. Akatoa sarafu nne, za joto, akazihesabu, akampa.